Somo la Tatu

Mountain View
Jumatatu, 3 Februari 2025
Kwa mkono wa Haron

Bwana Gurjit,

Kwa miaka ishirini nimewaandikia Wakenya magazetini nikiwasihi waache kutii ovyo. Leo nakuandikia wewe unifundishie mbwa utiifu. Cheka kwanza, kisha tuendelee.

Naitwa Mwihaki. Nina miaka hamsini na mitatu na sina mume wala sihitaji pole. Nina mbwa jike wa miezi tisa, wa aina ile ya polisi, masikio wima, akili nyingi, adabu hakuna. Nimemwita Hoja.

Sababu ya kumtaka ni hii. Mbele ya nyumba yangu kuna kiwanja ambacho watoto wa mtaa wamekichezea tangu kabla sijahamia. Sasa kampuni isiyo na ofisi wala uso imeleta mawe na vigingi na kusema ni chake. Mimi ndiye niliyeishtaki. Ramani ya kwanza ya mtaa, yenye muhuri, inayoonyesha kwamba kiwanja ni cha umma, iko kwangu. Ile iliyokuwa ofisini imepotea, kama zinavyopotea. Wakili wangu wa kwanza nilimkabidhi barua tatu za ushahidi, nazo zikapotea pia. Kwa hiyo ramani haitoki humu ndani hadi siku ya kesi, tarehe 7 Aprili. Wiki iliyopita mtu alirusha jiwe juu ya paa langu mchana kweupe akapiga kelele, "Mama, uza uhame!"

Navin wa duka la vyuma ameniambia kwamba uliwafunza mbwa wa maonyesho pale Jamhuri kwa miaka arobaini, kwamba umevunjika nyonga, na kwamba sasa unafundisha kwa barua huku mtu wako Haron akionyesha vitendo kila Jumamosi, kwenye kiwanja hichohicho ninachokipigania. Eti masomo hayapitii kwenye simu. Hilo nimelipenda.

Lakini sipendi kuamriwa. Nieleze sababu ya kila jambo, la sivyo tutagombana.

Mwihaki


Jamhuri Estate
Alhamisi, 6 Februari
Kwa mkono wa Haron
SOMO LA KWANZA

Mama Hoja,

Tutagombana. Hakuna shida, mke wangu marehemu alinizoeza.

Sababu ya barua: mtu akiongea hudanganya, akiandika huona kosa lake mwenyewe. Utaniandikia ulichofanya, nami nitakuandikia kinachofuata. Masomo nayahesabu kama daktari anavyohesabu dozi. Ukimaliza somo, Haron atapiga tiki nyekundu juu ya karatasi, kona ya kulia. Bila tiki husongi mbele.

Chemsha maini, uyakate madogo kama punje za mahindi. Dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni, basi. Shika punje juu ya pua yake, uirudishe nyuma polepole. Kichwa kitapanda, matako yatashuka. Hapo ndipo useme "Kaa", mara moja tu. Ukirudia mara nne, atajifunza kungoja mara ya nne. Halafu umpe punje. Kumwachilia, sema "Basi". Hainuki mpaka asikie neno hilo.

Usimpige. Mbwa aliyepigwa hutii mkono. Sisi tunataka atii neno.

G. Singh


Mountain View
Jumapili, 16 Februari
Kwa mkono wa Haron

Mwalimu,

Anakaa! Anakaa jikoni, anakaa uani, jana alikaa katikati ya kiwanja huku mbwa wengine kumi na wanane wakimtazama kwa wivu. Nimeaibika kwa furaha niliyoipata.

Huyu Haron wako ni hazina. Ana umri kama wangu, koti la khaki, kalamu nyekundu nyuma ya sikio. Jana nilipokuwa nikimsihi Hoja aache kula kiatu cha mtu, alisema, "Madam, unaongea sana. Mbwa hajui hotuba."

Nikamwambia, "Nimelipwa kwa hotuba hizi miaka ishirini."

"Na hao waliokulipa, walikaa?"

Nilicheka hadi machozi. Kumbe mtaani kuna watu wenye akili kuliko bodi nzima ya wahariri.

Jiwe la pili lilirushwa Jumatano. Nilimwonyesha Haron alama kwenye bati. Alitazama juu, akatazama lango, akauliza kama Munyiva, yule mama anayenisaidia nyumbani, hulala hapa. Nikamwambia huondoka saa kumi, na Jumapili haji kabisa. Akasema, "Basi huyu mbwa tutamfunza lango vizuri."

Mwihaki


Jamhuri Estate
Jumatano, 19 Februari
Kwa mkono wa Haron
SOMO LA PILI

Mama Hoja,

Vizuri. Sasa "Lala" na "Acha", neno la kumwachisha chochote alichoshika mdomoni.

Akiwa amekaa, shusha punje hadi chini kati ya miguu yake ya mbele. Akilala, mpe. Akishazoea, acha neno, tumia mkono. Mkono wa kulia, kiganja wazi, unapanda hadi bega kisha unashuka polepole kama mtu anayefunga dirisha. Alama hiyo ni yangu, niliibuni ujanani. Pale Jamhuri niliwahi kuwalaza mbwa thelathini kwa mkono mmoja, bila sauti. Watu walisimama wakapiga makofi. Kila mbwa aliyepita kwangu anaijua.

Kwa mazoezi ya vikwazo, anza na fimbo ya ufagio juu ya matofali mawili. Isizidi hapo. Mifupa yake bado laini, na mbwa mwenye bidii hujiumiza kabla hajalia. Tafuta pia pipa la plastiki lililokatwa pande zote mbili. Aingie, atokee upande wa pili akukute umechuchumaa. Vijiti vya kupenyeza baadaye.

G. Singh


Mountain View
Jumapili, 9 Machi
Kwa mkono wa Haron

Mwalimu,

Wiki mbili sijapata karatasi yako. Nadhani ni nyonga. Ugua pole.

Sisi hatukulala. Ua wangu umekuwa uwanja wa michezo. Hoja anaruka ufagio, anapita kwenye pipa kama risasi, na anapenyeza kati ya mabomba sita ya maji niliyoyachomeka ardhini. Munyiva anasema mabomba hayo yangetosha kuleta maji jikoni.

Lakini kazi kubwa ni ya lango. Haron amepita hapa mara nne katikati ya wiki, bila kuombwa. Anasimama nje, anabonyeza kengele, Hoja anapiga kelele kama kichaa. Haron anainua mkono wake juu ya lango, ile alama yako ya dirisha, na papo hapo mbwa analala, kimya, pua kati ya miguu. Kisha anapitisha kipande cha nyama kwenye nafasi ya chini. Mgeni anaweza kuingia kwangu sasa bila kuchaniwa suruali. Nimefurahi sana.

Mwihaki


Jamhuri Estate
Jumatano, 12 Machi
Kwa mkono wa Gurleen
SOMO LA NNE

Mama Hoja,

Anayekuletea hii ni Gurleen, mke wa mwanangu.

Simamisha zoezi la lango leo. Usimwambie Haron kwamba nimekuambia. Nijibu swali moja tu: anayeinua mkono huwa amesimama ndani au nje? Jibu umpe Gurleen.

G. Singh


Mountain View
Alhamisi, 13 Machi
Kwa mkono wa Haron, bila bahasha

Bwana Gurjit Singh,

Nilijua siku hii ingekuja. Nilitumaini tu ingechelewa.

"Usimwambie Haron." Yaani mtu anakutumikia miaka kumi na minne, anabeba barua zako kwenye vumbi, anafundisha mbwa wako, ufundi wake umeanza kuuzidi wako, na ghafla yeye si wa kuambiwa. Wimbo huu naujua. Nimeusikia madukani, viwandani na kwenye majumba ya Lavington: kijana mzuri sana huyu, lakini usimwachie funguo. Baba zetu waliitwa vijana wakiwa na mvi. Umefundishwa woga huo na waliokutangulia, nawe umetii bila kuuliza. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Barua hii nimempa Haron mwenyewe, wazi, aisome njiani akipenda. Sina siri na mtu anayefanya kazi.

Unauliza anasimama wapi. Nje, nimeshakuandikia. Wageni hutoka wapi, mbinguni?

Na hesabu nayo imekushinda. Umetoka somo la pili ukarukia la nne.

Zoezi la lango litaendelea. Kila Jumapili kuanzia saa tatu hadi saa sita niko kwaya na nyumba ni ya Hoja peke yake. Nataka awe na adabu kwa jirani akija kuazima ngazi, na nataka ramani yangu iwe na mlinzi aliyetulia, si kichaa.

Mwihaki


Jamhuri Estate
Jumamosi, 15 Machi
Kwa mkono wa Gurleen. Soma akiwa bado amesimama hapo.

Mama Hoja,

Matusi nimeyapokea. Baadhi ni kweli. Sasa soma.

Haron aliniletea barua yako akitabasamu. "Mzee," alisema, "Madam amekuchapa." Aliketi kitandani pangu nikiisoma. Angeweza kuitupa njiani. Aliileta ili nijue kwamba anajua.

Sikuruka somo la tatu. Nililiandika tarehe 24 Februari nikampa yeye. Humo nilikukataza kumfundisha Hoja kunyamaza langoni. Sikuwa na shaka yoyote kuhusu lango lako wakati huo, ni katazo ninalompa kila anayeishi peke yake. Baada ya wiki aliniambia umelimaliza na amelipiga tiki.

Sasa aibu yangu. Mwaka jana mwezi wa Septemba nyumba ya Riddhi kule Lavington ilisafishwa yote na wezi adhuhuri. Mbwa wake wawili walikutwa wamelala langoni, wazima, wakitikisa mikia. Desemba, kwa Muchiri wa Uthiru, vivyo hivyo. Watu walisema ni dawa. Mimi nilijua hakuna dawa inayomwacha mbwa akitikisa mkia. Mbwa wote watatu walikuwa wanafunzi wangu, na Haron ndiye aliyewamalizia masomo.

Nilinyamaza. Nilipoanguka bafuni, Haron ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye gari. Alikaa nami hospitali siku sita. Ningemshtaki vipi mtu aliyenibeba? Pia niliogopa jina langu. Miaka arobaini, halafu watu waseme Singh alifunza mbwa kuwafungulia wezi.

Usiniamini. Jaribu. Mtafute mtu ambaye Hoja hampendi, asimame nje, ainue mkono.

Na ramani itoe nyumbani.

Gurjit


Mountain View
Jumapili, 16 Machi
Kwa mkono wa Gurleen

Mwalimu,

Nilimwomba Stellah, jirani yangu. Hoja humchukia Stellah kwa sababu ya paka wake. Akimwona tu barabarani manyoya ya mgongo husimama.

Stellah alibonyeza kengele. Hoja alirukia lango kwa meno. Stellah akainua mkono, hata hakuufanya vizuri. Hoja akalala. Stellah akafungua mlango mdogo, akapita karibu naye, akaingia jikoni kwangu, akachukua sufuria ya ugali na kutoka nayo. Hoja alimsindikiza kwa macho. Mkia ulikuwa unafagia ardhi.

Stellah alisimama nje na sufuria yangu akaniambia, "Mwihaki, huyu si mbwa. Huyu ni karani wa mapokezi."

Nilienda polisi. Askari aliniuliza, "Mama, unataka niandike kwamba mtu aliinua mkono?"

Nilikutukana wewe kwa kumshuku mtu kwa sababu ya kazi yake ya kubeba barua. Kumbe mimi nilimwamini kwa sababu hiyohiyo. Sikumtazama yeye. Nilitazama makala yangu mwenyewe yakitembea na koti la khaki. Nakuomba radhi kwa hilo. Kwa kunyamaza kwako miezi sita sikusamehe bado, tutagombana baada ya kesi.

Ramani haitoki. Wakili wa pili simjui vya kutosha na benki zina watu. Nimeihamisha mahali ambapo hata Munyiva hajui.

Niambie tu jinsi ya kumrudisha mbwa wangu.

Mwihaki


Jamhuri Estate
Jumanne, 18 Machi
Kwa mkono wa Gurleen
SOMO LA TANO

Mama Hoja,

Amri haifutwi. Huandikwa nyingine juu yake.

Mtu asimame nje ya lango, ainue mkono. Kabla Hoja hajalala, mtu huyo apige debe kwa fimbo, kelele kubwa, kisha akimbie. Hoja atabweka. Wewe ndani umpe maini mengi, umsifu. Mara ishirini kwa siku. Baada ya wiki mbili, mkono ukipanda atabweka bila debe. Hapo alama imegeuka.

Abweke tu. Usimfundishe kuuma. Mbwa anayeuma alama hachagui mkono.

Darasa la Jumamosi usimpeleke, lakini tafuta kisingizio. Haron akijua tumegeuza alama, atabadilisha njia.

Gurjit


Mountain View
Alhamisi, 3 Aprili
Kwa mkono wa Gurleen

Mwalimu,

Imegeuka. Mkono ukipanda, Hoja hajilazi tena. Anafanya ulivyosema, na kidogo zaidi.

Haron nilimwambia Hoja yuko kwenye joto, siwezi kumleta kati ya mbwa dume. Alikubali mara moja. Alisimama nje ya lango, mikono mfukoni, hakuinua chochote. "Joto ya mbwa inakaa wiki tatu, Madam," akasema. "Na kesi ni lini?"

"Kesi gani?"

"Si ile ya kiwanja. Watu wote wanaongea." Akatabasamu. "Jumapili utaenda kwaya?"

Nikamwambia nitaenda. Nitaenda kweli. Sitajifungia ndani ya nyumba yangu kama mshtakiwa. Waje.

Mwihaki


Mountain View
Jumanne, 8 Aprili
Kwa mkono wa Gurleen, wodini

Mwalimu wangu,

Gurleen anasema umeamka na unaweza kusomewa. Basi nisomewe mimi kwanza hukumu yangu.

Ulisema abweke tu. Nami niliona kubweka hakutoshi. Nilimvisha Munyiva makoti matatu na gunia mkononi ("Mama, hii haikuwa kwenye makubaliano," alisema, na akafanya hata hivyo). Munyiva aliinua mkono, Hoja akafundishwa kuurukia ule mkono na kuushika. Kila siku, wiki mbili. Nilikuficha. Niliandika "kidogo zaidi" na nikajiona hodari wa maneno.

Jumapili nilikuwa nimezima simu kanisani. Nilipoiwasha saa sita nilikuta umenipigia mara kumi na moja. Nilipofika nyumbani kulikuwa na damu langoni na kigongo chako cha kutembelea kimelala kwenye maua. Dereva wa teksi alikuwa ameshakupeleka hospitali. Stellah alikuwa amemfungia Hoja kwenye stoo.

Wanasema vidole viwili havitarudi.

Kesi jana iliahirishwa hadi tarehe 19 Juni. Hakimu alikuwa na semina. Ramani niliibeba hadi mahakamani kifuani, nikaibeba tena hadi nyumbani.

Stellah anataka nimwite daktari wa mifugo amalize maisha ya Hoja. Niambie wewe. Ni wewe uliyeumwa na meno yake.

Mwihaki


Hospitali
Alhamisi, 10 Aprili
Imeandikwa na Gurleen, maneno ni ya Mzee

Mama Hoja,

Usimuue. Alifanya kazi aliyofundishwa. Ukimuua kwa hilo, utatuua sisi wawili kwa lipi?

Sikiliza ilivyokuwa. Jumamosi jioni Haron alikuja kuniona. Alikuwa mpole sana. Alinikunjia blanketi miguuni. Asubuhi nilitafuta barua zako kwenye droo, sikukuta hata moja. Nikakumbuka uliandika saa za kwaya. Nikakupigia. Gurleen alikuwa ameenda na gari gurdwara, hekaluni kwetu, nikaita teksi.

Nilipofika, pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa mbele ya kiwanja, injini inanguruma. Kufuli ya lango lako ilikuwa chini, imekatwa. Nilidhani wameshaingia na wewe umerudi mapema. Nikasukuma mlango mdogo.

Hoja alikuwa amesimama katikati ya njia. Hakubweka, alinitazama tu. Mama, nilijua kila kitu. Ni mimi niliyekuandikia somo la tano. Lakini miaka arobaini, mbwa akinijia, mkono wangu unapanda. Haukuniuliza. Niliuona ukipanda kama mkono wa mtu mwingine. Nimewazoeza mbwa mia nne, na aliyezoezwa vizuri kuliko wote ni mimi.

Nilisema "Acha". Akaacha papo hapo, akaketi, akaningoja nimpe maini. Neno hilo hukuligusa. Neno ndilo lililoniokoa.

Nikiwa chini niliona pikapu ikiondoka, polepole, bila haraka. Uso wa dereva sikuuona. Lakini waliona. Walichosoma kwenye barua zako sasa wamekiona kwa macho: alama ya mkono haifanyi kazi kwako.

Jana Haron alikuja hapa na ndizi. Alitazama bandeji, akaniuliza, "Mzee, yule mbwa alikuachia kwa neno gani?"

Nilijifanya nimelala.

Ondoka hapo kabla ya Juni. Njoo ukae kwetu, Gurleen ana chumba. Mlete na Hoja.

Gurjit


Mountain View, nyumbani kwa Stellah
Jumamosi, 12 Aprili
Kwa mkono wa Stellah

Mwalimu,

Naja. Nilikuwa nimeamua kuja leo jioni. Mizigo nilifunga asubuhi, ramani juu kabisa. Kisha nikafanya jambo moja la mwisho, kwa sababu mimi ni mimi.

Saa nne nilimwacha Hoja uani, nikafunga mlango wa jikoni kwa ufunguo, nikatia kufuli mpya langoni, nikavuka kwenda kiwanjani. Haron alikuwa akifundisha. Mbwa kumi na wanane kwenye mstari, wamiliki nyuma yao. Aliinua mkono, na wote wakalala kwa pamoja, kimya, kama nyasi zilizofyekwa. Wamiliki walipiga makofi.

Nilisimama mbele yao nikasema yote. Lavington, Uthiru, lango langu, vidole vyako. Nilisema kwa dakika kumi na tano, na sijawahi kusema vizuri hivyo. Haron alinisikiliza kwa adabu, mikono nyuma, hakunikatiza hata mara moja. Mwanamume mmoja mwenye bulldogi aliniambia, "Mama, wacha wivu. Mbwa yangu hajawahi kuwa na adabu hivi." Mwingine akasema wanaonipiga mawe wana haki. Hakuna aliyeondoka. Haron akauliza, "Tuendelee?" Wakasema tuendelee.

Haron hakutoka kiwanjani. Nakuapia. Nilimwona kwa macho yangu mwanzo hadi mwisho.

Niliporudi langoni kufuli ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha. Chini ya lango kulikuwa na karatasi imesukumwa nusu ndani. Ni mwandiko wako wa kabla ya kuumwa, wa mkono wa kulia. Nakunakilia:

"SOMO LA TATU, 24 Februari. Mama Hoja, usikubali yeyote amfundishe mbwa wako kunyamaza langoni, hata Haron, hata mimi. Wenye nyumba kubwa huomba somo hilo kwa ajili ya wageni wao, nami huwakatalia. Jambo la pili: mbwa wako asijifunze alama yoyote ukiwa haupo. Kila siku mwulize Haron amemfundisha nini kipya, naye akuonyeshe zote. Alama usiyoijua ni mlango usioujua."

Juu, kona ya kulia, kuna tiki. Nyekundu. Wino ulikuwa bado unashika kidole.

Mara nne alikuja katikati ya wiki, Mwalimu. Mara mbili kati ya hizo sikuwepo. Sikuwahi kumwuliza.

Nakuandikia nikiwa kwa Stellah, dirishani. Kwangu sijaingia. Kutoka hapa, juu ya ua, naona mlango wangu wa jikoni, ule niliofunga kwa ufunguo. Uko wazi. Mizigo niliiacha humo ndani, ramani juu yake.

Hoja namwona pia. Amelala kando ya njia, pua kati ya miguu, mkia unafagia ardhi. Nimesimama kwenye kiti nikamwita kwa jina. Aligeuza macho, akanijua. Nikamwambia "Basi", mara moja tu, kama ulivyonifundisha.

Hakuinuka.

Mwihaki